Nguo Zilizotuzidi: Zitolewe au Ziuzwe?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewateremshia wanaadamu nguo za kuwasitiri na za kuwapamba, akawajulisha kuwa vazi la ucha Mungu ndilo lililo bora. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wanaohudhuria darsa hapa Kitengela wametuletea maswali kadha wa kadha juu ya nguo, hata kijana mmoja akacheka akasema, "Sheikh, sasa darsa imegeuka duka." Hatukuudhika na maneno yake. Vitabu vya fiqhi tulivyosomeshwa vina milango mirefu ya kuuza na kununua, ya kuazima, ya kutoa sadaka na ya kurithi, na nguo yaingia katika milango yote hiyo. Asiyeijua hukumu ya shati lake hataijua hukumu ya shamba lake.

Swali la kwanza limetoka kwa bibi mmoja mwenye nafasi. Kabati lake limejaa nguo za watoto waliokwisha kua, mabuibui yaliyombana, na magauni ya harusi aliyoyavaa mara moja tu. Alianza kuwauzia jirani zake kidogo kidogo kwa simu. Shoga yake akamwambia kuwa hiyo ni choyo, na kwamba nguo iliyokwisha valiwa haiuzwi na Mwislamu, bali hutolewa kwa ajili ya Mungu. Basi akaacha kuuza. Walakini hakutoa pia. Na nguo zimekaa kabatini mwaka wa pili sasa, hazimfai yeye wala maskini, zinawafaa nondo.

Twasema: aliyemkataza bibi huyu amemkataza lile ambalo Mtume (s.a.w.) hakulikataza. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullahi bin Umar kuwa Sayyidna Umar aliona joho la hariri likiuzwa mlangoni mwa msikiti, akamshauri Mtume alinunue alivae siku za Ijumaa na siku za kupokea wajumbe. Mtume hakukubali, akamwambia kuwa vazi hilo ni la asiye na fungu Akhera. Baadaye yakaletwa majoho kama hayo, Mtume akampelekea Umar moja. Umar akastaajabu, akauliza vipi apewe vazi lililokwisha semwa maneno yale. Mtume akamjibu kuwa hakumpa alivae yeye, amempa aliuze au amvishe mtu mwingine. Umar akampelekea ndugu yake aliyekuwa Makka, naye siku hizo hakuwa amesilimu.

Tazama, ewe ndugu msomaji. Nguo imo mikononi mwa mtu na hawezi kuivaa. Mtume amemfungulia milango miwili kwa kauli moja, kuuza na kuvisha, wala hakuuita mmoja imani na wa pili choyo. Lau kuuza kungekuwa aibu kwa mtu mwenye heshima, asingeambiwa Umar. Na tutalirejea lile la ndugu wa Makka, kwani nalo limeulizwa.

Tena kuna Hadithi ya yule Ansari aliyekuja kuomba. Mtume alimwuliza kama hana kitu nyumbani, naye akasema ana nguo nzito moja, upande waivaa na upande waitandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akaviagiza vikaletwa, akavishika kwa mkono wake mwenyewe, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akasema dirhamu moja. Akanadi tena, mara mbili au tatu, vikafika dirhamu mbili. Akampa yule Ansari fedha zake, dirhamu moja anunue chakula awapelekee watu wake, na ya pili anunue shoka. Shoka likatiwa mpini kwa mkono wa Mtume, mtu akaenda kukata kuni, na baada ya siku kumi na tano alikuwa na dirhamu kumi, akanunua nguo na chakula. Hadithi hii ameipokea Abu Daud kwa urefu na Tirmidhi kwa ufupi. Tirmidhi ameipa daraja ya hasan, na wako wanazuoni waliosema katika sanad yake. Nasi hatuitaji hapa ili kufungia hukumu, kwani hukumu yatosha kwa ile ya Umar. Twaitaja kwa sababu yaonyesha mnada wa nguo kuukuu ukisimamiwa na mbora wa viumbe, na nguo kuukuu ikageuka shoka.

Basi bibi yetu na auze, na pesa zake ni halali. Akipenda atoe. Akipenda auze atoe thamani. Lililo baya ni hilo alilolifanya miaka miwili.

Lakini ikiwa kuuza si choyo, yako matoleo yaliyo choyo, na hapa ndipo tunapotaka kusimama kidogo.

Wasomaji wetu wanakumbuka ukame ulioipiga Kajiado. Tokea mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mmoja baada ya mwingine. Anayesafiri katika barabara ya Namanga, akapita Isinya na Kajiado mjini hata Bissil, aliiona mizoga ya ng'ombe kando ya njia. Watu waliokuwa na mali wakawa maskini mbele ya macho yetu. Ikanadiwa misikitini na makanisani kuwa watu watoe, na watu wakatoa. Nguo zilizokusanywa kwetu sisi tulizifungua wenyewe. Zilikuwamo nzuri, Mungu awalipe wenyewe. Na zilikuwamo suruali zisizo na vifungo, fulana zenye madoa ya rangi ya nyumba, soksi moja moja, na viatu vya wanawake vya visigino virefu. Twauliza: mama wa Kimasai aliyefiwa na ng'ombe wake wote, akishuka bondeni kutafuta maji, visigino virefu atavifanyia nini?

Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 267, kuwa tutoe katika vizuri tulivyochuma, wala tusikusudie kibaya tukakitoa, na hali sisi wenyewe tungepewa tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Hiki ndicho kipimo, wala hakihitaji mwanachuoni wa kukufasiria. Shika nguo mkononi, jiulize: jirani yangu angeniletea hii, ningeipokea kwa furaha au ningekasirika? Kama ungekasirika, basi hiyo si sadaka. Hiyo ni takataka uliyotafutia mtu wa kukuchukulia bila ya kumlipa. Ifanye kitambaa cha kupangusia, au itupe, wala usimtwike maskini kisha ukataraji thawabu.

Abu Talha aliposikia aya ya 92 ya Sura ya Aali Imran, inayotujulisha kuwa hatutaufikia wema mpaka tutoe katika tunavyovipenda, hakwenda kutafuta kilichomchosha. Alikwenda kwa Mtume akatoa Bairuha, bustani aliyoipenda kuliko mali yake yote, iliyokabiliana na msikiti. Na Mtume akamwelekeza awape jamaa zake. Sisi twasoma aya hiyo hiyo kwa sauti nzuri, kisha twatoa soksi moja.

Katika siku zile za ukame likazuka shauri katika watu wetu. Wengine walisema yale magauni ya sherehe yauzwe hapa Kitengela, yapate bei, na kwa pesa zake yanunuliwe mablanketi na unga. Wengine wakasema hilo ni khiyana, kwani watu wametoa nguo wala hawakutoa pesa. Jibu letu lilikuwa hili, na ndilo tunalolisema mpaka leo. Anayekusanya ni wakili, na alichonacho ni amana. Wakili hana ruhusa ya kugeuza alichopewa ila kwa idhini ya aliyemwakilisha. Rai ya kuuza ni njema, hapana shaka, maana blanketi ni bora kwa baridi ya usiku wa mbuga zile kuliko gauni la lulu. Lakini wema wa rai haumpi mtu haki juu ya amana. Basi mtoaji na aulizwe wakati anapotoa: "Hii ikiuzwa tukapeleka thamani yake, waridhika?" Neno moja tu, nalo laondoa fitina yote. Ambao hawakuulizwa, nguo zao zilikwenda kama zilivyo. Na zile mbovu tuliwarudishia wenyewe, nao wengine walinuna.

Na walioulizia kama yafaa kuwapa wasio Waislamu, kwa kuwa wengi wa jirani zetu Wamasai si Waislamu, jibu lao limo katika joho la Umar. Sadaka ya hiari hutolewa kwa kila mwenye haja. Zaka ya faradhi ndiyo yenye watu wake maalumu.

Kwa kuwa tumeitaja zaka, na tumjibu mfanya biashara ya mitumba. Huyu ana kibanda karibu na stendi, hununua marobota Gikomba huko Nairobi, naye ni mtu wa sala. Ameuliza: mwisho wa mwaka hubakiwa na nguo za chini, zile waziitazo fagia. Je, akiwagawia maskini katika Ramadhani, zitamwondokea zaka ya duka lake?

Kwanza twataka watu wajue biashara hii ni kitu gani, kwani wako wanaoidharau na hali wameivaa. Nguo hizi asili yake nyingi zilitolewa sadaka, Ulaya na Marekani. Mtu wa London alizitia katika gunia kwa moyo mwema. Shirika likauza kwa wachambuzi, wachambuzi wakafunga marobota, marobota yakaja Mombasa kwa makontena. Katika mwaka 2019 ziliingia Kenya tani zipatazo 185,000. Machi 2020 serikali ilipozizuia kwa sababu ya maradhi ya Korona, mpaka Agosti, ndipo wengi walipojua ni nani anayeuvisha mji huu. Na jambo la ajabu ni hili: karibu nasi, huko Athi River, liko lile eneo la viwanda vya kuuza nje, EPZ, na baada ya Marekani kutunga sheria yake ya AGOA mwaka 2000 viwanda vyake vimeshona suruali na mashati mapya kwa wingi kwa ajili ya Wamarekani. Wengi wa washonaji hao wanalala Kitengela. Mchana mtu anamshonea Mmarekani shati jipya, jioni anapita kibandani kununua shati alilolivua Mmarekani. Hilo ni jambo la wenye siasa na viwanda kulizingatia. Sisi twataka kubainisha tu kuwa aliyenunua robota kwa pesa yake amelimiliki, wala sadaka ya mtu wa mbali haimfungi. Kununua na kuuza kwake ni halali tupu.

Ama zaka yake, haitoki kwa fagia. Katika madhehebu yetu ya Shafii, zaka ya biashara hutazamwa thamani. Mwaka ukitimia, mali ikafikia nisabu, ahesabu bidhaa zote kwa bei ya sokoni ya siku ile pamoja na fedha zilizotokana na biashara, kisha atoe fungu moja katika arobaini, na atoe fedha. Mwenye mali ya shilingi laki mbili atoa elfu tano. Imamu Abu Hanifa ameruhusu kutoa katika bidhaa zenyewe. Lakini hata huko, mtu hatoi mchujo wa mwisho akauhesabia bei ya nguo za kwanza. Fagia akiigawa, na iwe safi na yavalika, ni sadaka yake ya ziada, na zaka bado iko shingoni.

Na amche Mungu katika kuuza. Mtume (s.a.w.) alipita kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya lundo, vidole vikapata unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua iliyonyesha. Mtume akamwuliza mbona hakuuweka unyevu juu watu wauone, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika watu wake. Basi anayekunja shati ili doa lilale ndani, au anayechanganya fagia na zile za kamera kisha akasema robota ndilo lilivyofunguka, ajue lundo lake ni lile lile.

Sasa twaja kwenye swali la tatu, ambalo lau si hilo tusingeyaandika haya.

Mama mmoja amefiwa na mumewe. Marehemu alikuwa fundi wa magari, ameacha mjane huyu, watoto watatu wadogo, wawili wao wanaume, na mama yake mzazi. Ameacha pia kodi ya nyumba ya miezi miwili haijalipwa. Sanduku lake lina kanzu, suti mbili, makoti ya kazini, viatu vizuri na saa ya mkono. Nduguze marehemu walikuja siku ya tatu, wakasema nguo za maiti hazikai nyumbani, zitolewe sadaka leo leo ili marehemu apate thawabu, na walioosha maiti wapewe kanzu. Mjane akasema kwa unyenyekevu kuwa angetaka kuziuza ili alipe kodi. Wakamfokea: "Shemeji, unamuuza ndugu yetu?" Akanyamaza. Kisha akamtuma mwanamke mwenzake atuulize kama ana dhambi kwa kuwa alitamka neno lile.

Ewe mama yetu, huna dhambi. Umesema lililo sawa, na waliokufokea ndio wanaohitaji kufundishwa.

Mtu akifa, kila alichokimiliki ni tirka, kuanzia nyumba hata kandambili. Katika tirka hutoka kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha kilichobaki ni cha warithi. Kodi ya miezi miwili ni deni. Roho ya muumini huzuiwa kwa deni lake mpaka lilipwe. Basi anayemtakia ndugu yake raha kaburini na aanze hapo. Suti ikiuzwa ikalipa kodi, hapo ndipo marehemu amesaidiwa.

Kilichobaki baada ya deni: mke ana thumuni, mama mzazi ana sudusi, na wengine wote ni wa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Ndugu, maadamu wapo watoto wanaume, hawana kitu. Waliosema kwa sauti kubwa kuliko wote juu ya sanduku lile hawana ndani yake hata kifungo kimoja.

Na watoto wale ni mayatima. Mali ya yatima haitolewi sadaka, wala na mama yao, wala na babu yao, wala na Kadhi mwenyewe, kwa sababu mwenyewe hajafika umri wa kuridhia. Sura ya An-Nisaa, aya ya 10, imewaonya wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma kuwa wanatia moto matumboni mwao. Mtu atasema, "Sisi hatukula, tumetoa kwa ajili ya Mungu." Twamwambia: umetoa kwa ajili ya Mungu kitu alichokiharamisha Mungu kwako. Aliyepewa kanzu ile na akajua, haimhalalikii. Na mwenye kutaja aya ya 8 ya sura hiyo hiyo, inayohusu kuwapa jamaa na maskini waliohudhuria mgawanyo, ajue kuwa wanazuoni wameifahamu kuwa ni sunna kwa warithi waliobaleghe, watoe katika mafungu yao. Mjane akipenda kutoa katika thumuni yake ni hiari yake. Bibi mzaa baba vivyo hivyo.

Sadaka kwa maiti inamfikia, hatulikanushi hilo. Saad bin Ubada alimwuliza Mtume kama itamfaa mama yake aliyefariki akimtolea sadaka, akaambiwa itamfaa, naye akatoa bustani yake. Bustani yake yeye Saad! Basi shemeji hawa na warudi nyumbani wafungue makabati yao, watoe kanzu zao walizozipenda, wanuie thawabu zimwendee ndugu yao. Mlango huo u wazi usiku na mchana. Twaona watu wengi huuogopa.

Tena, nguo alizonunuliwa mjane na mumewe zamani za uhai wake ni zake mwenyewe. Hazimo katika tirka, wala hapana wa kuzipekua. Tumeyasikia hayo ya kupekua, na ni aibu.

Na auze kwa bei ya haki, asikubali mtu kumwonea kwa kuwa ana haja. Aandike kila kilichouzwa na bei yake, mbele ya mashahidi wawili. Fungu la watoto liwekwe kwa ajili yao, na kwa kuwa babu yao hayupo wala marehemu hakumweka msimamizi, aende kwa Kadhi amthibitishe yeye mama au amweke mwingine. Mahakama za Kadhi zina mamlaka ya mirathi ya Waislamu kwa katiba ya nchi hii ya mwaka 2010, na mwanamke huingia humo kama mwanamume. Tumemtafutia mtu wa kumsindikiza.

Yamebaki mawili madogo. Wako wanaolalamika kuwa waliwapa watu nguo, kisha wakaziona zikiuzwa sokoni. Wasilalamike. Barira alipewa nyama ya sadaka, akampa Mtume naye akala, akabainisha kuwa kwa Barira ile ni sadaka na kwake yeye ni zawadi. Kitu kikifika mkononi mwa maskini kimekuwa mali yake. Akiuza shati anunue unga ndiye ajuaye njaa yake. Ila wewe uliyelitoa usilinunue. Umar alimpa mtu farasi, akamwona anauzwa kwa rahisi, akataka kumnunua. Mtume akamkataza hata kama ni kwa dirhamu moja.

La pili ni yale magauni ya harusi ya bibi wa kwanza. Bibi Aisha alikuwa na nguo moja ya thamani ya dirhamu tano, na zamani za Mtume kila mwanamke aliyepambwa Madina alikuwa akituma kuiazima. Mabinti wanaoolewa hapa Kitengela bila ya uwezo tunawajua, na wengine ni watoto wa hao hao washonaji wa viwandani. Magauni mawili au matatu yakae kwa mama anayesomesha wanawake, yaazimwe, yafuliwe, yarudishwe. Mengine na ayauze kama alivyokuwa akifanya.

Nguo za kupelekwa Bissil zitapokewa baada ya sala ya Ijumaa, zimefuliwa, na kila mtoaji aseme kama aridhia ziuzwe au la.

Wallahu aalam.